Rimu Mpya, Gari la Zamani

Leo nataka tuzungumzie magari, tena haya tunayopishana nayo kila siku: Corolla 110, Mark II GX 100, Carina, Sunny, Impreza za mwanzo. Ni magari yaliyoundwa Japani katika miaka ya 1990, yakashushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yameshatumika, na hadi leo yapo barabarani yanalisha familia. Wenyewe wanayapenda. Na mtu akishalipenda gari lake, akalipiga rangi, akalibadilishia vitambaa vya viti, kinachofuata mara nyingi ni rimu. Akiwa Dar es Salaam anateremka Gerezani, na akiwa Nairobi anakwenda Kirinyaga Road, anakuta seti ya inchi 17 imepangwa inang'aa, wanapatana bei, zinafungwa pale pale. Anaondoka na furaha yake. Tuta la kwanza, nyuma kunakwaruza. Anakata usukani wote aingie kwake, mbele kunasugua.

Hapo ushauri unamwagika. Huyu anasema ongeza upepo. Yule anasema chukua grinda ukate ule ukingo wa madigadi. Mwingine anasema weka spesa. Na hakosi atakayesema usihangaike, litazoea lenyewe. Mimi nasema, na nasema kwa uzito wote, tairi halizoei bati. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu la ukubwa wa kawaida linazunguka zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja. Mpira unaopitishwa kwenye makali ya bati mara 10 kwa sekunde hauna cha kuzoea. Unakatika.

Hivi karibuni nilishika tairi la nyuma lililotolewa kwenye Mark II moja hapa mjini. Ile sehemu inayokanyaga lami ilikuwa nzima kabisa, tairi halijatembea sana. Lakini pale begani, upande wa nje, palikuwa na mfereji upana wa kidole, umezunguka tairi zima, laini kwa kuguswa. Nikapitisha kidole gumba taratibu, na sehemu mbili nikakuta nyuzi zimetokeza. Mwenye gari alikuwa akisikia mlio pale tu anapobeba watu kiti cha nyuma, akaona ni jambo dogo. Tairi la namna hiyo kazi yake imekwisha. Halizibwi kiraka, wala haifai mtu kumuuzia mwenzake kama mtumba.

Sasa twende kwenye chanzo, maana watu wengi wanadhani chanzo ni ile inchi 17. Wanasema rimu kubwa, kwa hiyo inagusa. Mara nyingi sivyo. Rimu ya inchi 17 inaweza kukaa vizuri kwenye gari ambalo rimu ya inchi 15 iliyochaguliwa vibaya inasugua. Kinachoamua ni namba mbili ambazo muuzaji hakutajii, upana na ofseti, pamoja na ukubwa wa tairi lenyewe. Namba hizo zimeandikwa mgongoni mwa rimu, nyuma ya mikono yake, au karibu na matundu ya nati. Ukigeuza rimu ukapangusa vumbi utaona, kwa mfano, 17 x 7½, na pembeni yake ET38 au 38 peke yake. Hiyo 38 ndiyo ofseti, kwa milimita.

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaobana kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikiwa ndogo, linatoka nje. Kama una kalamu karibu, chukua, tupige hesabu moja tu.

Tuseme rimu yako ya sasa ina upana wa inchi 6 na ofseti 50. Inchi 6 ni kama milimita 152, nusu yake ni 76. Upande wa ndani unajumlisha, 76 na 50, unapata 126. Upande wa nje unatoa, 76 toa 50, unapata 26. Yaani kutoka kwenye habu, rimu inaenda ndani milimita 126 na nje milimita 26. Sasa chukua ile rimu mpya ya upana wa inchi 7 na nusu, ofseti 38. Nusu ya upana wake ni milimita 95. Ndani ni 133. Nje ni 57. Linganisha. Ndani imesogea milimita 7 kuelekea shokapu, nje imesogea milimita 31 kuelekea ukingo wa madigadi. Milimita 31 ni zaidi ya sentimita 3, na gari nyingi za umri huu hazikuachiwa nafasi ya kiasi hicho. Hesabu hii inachukua dakika moja ukiwa umesimama dukani na simu mkononi, na haihitaji fundi. Ninawaomba sana mjifunze kuipiga, kwa sababu ukishalipa, muuzaji hana sababu ya kukurudishia pesa yako kwa kuwa gari lako limekwaruza.

Spesa nayo imo humo humo kwenye hesabu. Ukiweka spesa ya milimita 15 kwenye rimu yenye ofseti 50, umeigeuza kuwa rimu ya ofseti 35. Ndiyo maana spesa inaponya gari linalogusa ndani, kwenye shokapu, na inaliumiza gari linalogusa nje. Fundi anayekupa spesa kabla ya kuchungulia ni wapi hasa panagusa anabahatisha kwa pesa yako.

Upande wa tairi, watu wetu wanateleza kwenye jambo moja ambalo ninalielewa kabisa. Barabara zina mashimo, tairi jembamba la ubavu mfupi linapasuka na rimu inapinda, kwa hiyo mtu anaona bora ubavu mnene. Anafunga 225/55R17. Ubavu mnene kweli anaupata. Lakini GX 100 nyingi zimevaa 195/65R15, ambalo kipenyo chake kizima ni karibu milimita 634. Hilo la 225/55R17 lina milimita 679. Limezidi kwa milimita 45, nusu yake ikipanda juu kuelekea kwenye madigadi na nusu ikinyanyua gari kutoka chini. Hapo linasugua hata kama ofseti ni sahihi. Tena dashibodi inaanza kudanganya: mshale ukikuonyesha 80, wewe uko kwenye 85 na zaidi. Kwa inchi 17, tairi linalorudisha kipenyo kile kile ni 225/45R17, ambalo linatoa milimita 634. Anayetaka ubavu mnene kwa ajili ya mashimo, njia yake ni kushuka rimu, inchi 15 au 16, siyo kupandisha tairi.

Na kabla sijaliacha tairi, angalia ile namba ya mzigo inayofuata ukubwa. Namba 91 ina maana tairi moja linabeba kilo 615. Namba 84 ni kilo 500. Wapo wanaotoa la 91 na kufunga dogo la 84 ili lisisugue, na kweli halisugui, lakini gari lile lile bado linabeba watu watano na magunia ya mkaa kutoka Chalinze. Usikubali.

Haya, gari limeshafungwa na linalia. Utajuaje ni wapi? Sikiliza kwanza mlio unakuja lini. Ukija pale unapokata usukani wote huku gari linatembea polepole, ni mbele, na mara nyingi tairi linagusa ile plastiki ya ndani ya madigadi au kona ya bampa. Ukija kwenye tuta, au ukiwa umebeba watu nyuma, ni ukingo wa madigadi ya nyuma. Ukija muda wote hata barabara ikiwa tambarare, simama hapo hapo usiendelee, kwa sababu kuna kitu kinagusana bila kuachana, na huenda ni shokapu au mpira wa breki. Mpira wa breki ndio unaonitia hofu kuliko vyote. Kwenye gari kama Corolla 110 shokapu ya mbele imesimama sambamba na tairi, springi imeizunguka, na mpira wa breki unapita hapo hapo. Tairi pana lenye ofseti kubwa likiufikia, linauchubua kimya kimya. Mara nyingine husikii kelele yoyote. Siku unayokanyaga breki kwa nguvu ndiyo siku utakayopasuka mpira huo.

Baada ya kusikiliza, tumia chaki. Chaki ya kawaida ya ubaoni inatosha. Paka begani mwa tairi pande zote mbili, za nje na za ndani. Paka ukingo wa madigadi, plastiki ya ndani, na shokapu pale inapokaribiana na tairi. Weka watu nyuma, watu wazima watatu, siyo watoto. Endesha polepole, pita kwenye tuta, kata kona ya kulia mpaka mwisho, kata ya kushoto mpaka mwisho, rudi nyuma huku usukani umekatwa. Shuka uangalie. Chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Ukifanya hivyo unaweza kuongea na fundi kwa ushahidi, unamwonyesha kwa kidole, hapa na hapa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Magari yetu haya ni ya zamani, na gari la zamani halina zile nafasi lilizotoka nazo kiwandani. Springi zimelala. Bushi za loa amu zimelegea. Boljointi zina mchezo. Shokapu zimevuja zikabaki kama bomba tupu. Kila kimoja kimekula milimita kadhaa. Utamkuta kijana analalamika kwamba rafiki yake ana gari la aina ile ile, rimu zile zile, tairi saizi ile ile, na lile halisugui ila lake linasugua. Anadhani kauziwa rimu feki. Rimu haina kosa. Springi za rafiki yake bado zinasimama, zake zimeshuka.

Bushi ya nyuma ya loa amu ndiyo inayofichika zaidi. Ikichoka, ukikanyaga breki gurudumu zima linarudi nyuma ndani ya uwazi wake, kidogo tu, halafu breki ikiachiwa linarudi mahali pake. Kwa hiyo mlio unakuja wakati wa breki peke yake. Fundi akilipandisha gari kwenye jeki haoni kitu, kila kitu kimekaa sawa. Atakata plastiki, atakunja bati, mlio utarudi. Dawa ni bushi.

Kuna na magari yaliyopata ajali yakanyooshwa. Haya yanasugua upande mmoja. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya habu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, gari likiwa sehemu tambarare na halina mtu ndani. Kisha pima umbali wa tairi na bampa, pande zote mbili. Ukikuta tofauti ya sentimita nzima, usinunue rimu kwanza. Tafuta kujua gari limepinda nini.

Kwa hiyo mimi mpangilio wangu ni huu. Anza na springi, shokapu, bushi na boljointi. Baada ya hapo ndipo upime gari limesimama urefu gani, na ndipo uende kutafuta rimu. Najua ni maneno mazito kwa mtu ambaye pesa yake inatosha kitu kimoja. Lakini ukifunga rimu juu ya springi zilizolala, utanunua na tairi tena mapema, na springi bado zitakuwa zinakusubiri.

Turudi kwenye zile dawa zinazouzwa gereji, maana baadhi zinafaa. Kukunja ukingo wa madigadi kwenda ndani kunafaa, ikiwa bati litapashwa joto taratibu na kukunjwa kwa roli yake, siyo kwa kupigwa nyundo. Rangi ikikaa baridi inapasuka. Kukata ukingo kwa grinda ni habari tofauti, na hapa naomba unisikilize vizuri. Madigadi ya mbele ni bati moja lililofungwa kwa boliti, ukiliharibu utanunua lingine. Ya nyuma ni sehemu ya bodi. Ule ukingo wake ndio mahali ambapo bati la nje na bati la ndani yamechomelewa pamoja. Ukiukata, umefungua kiungo. Maji na tope vinaingia katikati ya mabati mawili, mahali ambapo huwezi kuosha wala kupaka rangi. Kwa anayeishi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kutu itatokea kiunoni mwa gari na itasambaa kwa ndani kabla hujaiona.

Kukata springi ili gari lishuke likae juu ya rimu vizuri, hapana. Springi iliyokatwa haikai tena kwenye kiti chake, gari likiruka inaweza kuchomoka, na kwa kuwa gari limeshuka, tairi linasugua zaidi ya mwanzo. Kuinamisha matairi juu yaingie ndani kunaondoa mlio, lakini tairi linaliwa upande wa ndani ambao huuoni mpaka siku linapasuka. Kama inagusa plastiki tu kwa milimita chache wakati wa kukata kona, kuipasha na kuisukuma nyuma, au kuipunguza na kuibana upya kwa klipu, hilo halina shida yoyote.

Bado kuna suala la kukaa kwa rimu kwenye habu, na hili siyo la kusugua lakini linakuja na rimu zile zile. Corolla 110 ina boliti 4 kwenye duara la milimita 100. Mark II ina boliti 5 kwenye duara la 114.3. Rimu nyingi za Ujerumani ni 5 kwenye 112, na nimeshuhudia zikilazimishwa kwenye Toyota kwa sababu nati zinaingia. Zinaingia kwa upande. Tofauti ya milimita 2.3 inatosha kufanya nati zisikae kwenye viti vyake na kulegea barabarani. Tundu la katikati nalo lina kipimo. Corolla inataka 54.1, Impreza 56.1, Golf ya Volkswagen 57.1. Tundu likiwa kubwa kuliko habu, weka ringi ya kujaza hiyo nafasi, usiache uzito wa gari na mitikisiko vibebwe na nati pekee. Na nati zisichanganywe: Toyota inatumia uzi wa 12 kwa 1.5, Nissan na Subaru uzi wa 12 kwa 1.25. Nati ya Nissan kwenye boliti ya Toyota inashika mizunguko ya mwanzo kisha inakwama, na fundi mwenye spana ya umeme atailazimisha mpaka aue uzi. Funga kwa mkono kwanza. Kwa Toyota, nati ifike angalau mizunguko 8 kabla haijabana, hasa ukiwa umeweka spesa. Ikishika mizunguko 4, boliti ni fupi na gurudumu hilo halijafungwa. Ukishatembea kama kilomita 100, rudia kukaza.

Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: basi wewe ungeweka nini? Kwa mwenye GX 100 jibu langu ni inchi 16, upana wa inchi 6 na nusu, ofseti 50, tairi 205/55R16. Kipenyo kinatoka milimita 632 dhidi ya 634 ya zamani. Ukilinganisha na ile rimu ya inchi 6 yenye ofseti 50, nje inaongezeka milimita 6, ndani 6. Springi zikiwa nzima haigusi popote, ubavu wa tairi bado unahimili mashimo, na gari linapendeza. Wala sijabuni: ndicho kipimo ambacho Toyota yenyewe iliweka mbele kwenye Mark II Tourer V ya bodi ile ile.